Mali Bila Daftari: Hesabu ya Kikapu cha Chai Masimba

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha mara si haba kujipatia alama, lakini sikuwahi kujiuliza daftari lenyewe huandikwa nini na huachwa nini. Ilinibidi nisome uhasibu chuoni, kisha nirudi nyumbani Masimba nikawapotoshe wazazi wangu kwa hesabu, ndipo niielewe. Makala haya ni masimulizi ya kosa hilo na ya mafunzo niliyoyapata kwalo. Nayaleta mbele ya wanakiswahili wenzangu kwa sababu naamini kwamba kosa lenyewe lilikuwa la lugha kama lilivyokuwa la hesabu.

Kwanza niseme nilivyofika huko. Mwanafunzi wa ualimu hapa kwetu Kenya huchagua masomo mawili ya kufundishia. Mimi nilichagua Kiswahili na Masomo ya Biashara. Asubuhi niliketi katika mihadhara ya fonolojia na fasihi simulizi. Alasiri nilivuka uwanja kwenda katika ukumbi mwingine kusoma uhasibu. Wenzangu wa Kiswahili waliniona kama mfuasi wa shilingi, nao wale wa biashara waliniona kama malenga aliyepotea njia. Katika mwaka wa pili tulianza kusoma uhasibu wa usimamizi. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba uhasibu wa fedha huwasimulia walio nje, yaani wenye hisa, benki na watoza kodi, mambo yaliyokwisha kutendeka. Ilhali uhasibu wa usimamizi humsaidia aliye ndani kuamua atakalotenda kesho. Swali lake la kwanza ni jepesi kuuliza na zito kujibu: kitu hiki kimetugharimu kiasi gani?

Tulifundishwa kwamba kuna mifumo miwili mikuu ya kulijibu swali hilo. Wa kwanza ni mfumo wa kazi mojamoja. Fikiria mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, katika kaunti yetu ya Kisii. Kinyago cha twiga si sawa na sahani, na sahani ya leo si sawa na ya jana. Kila kazi huandikiwa karatasi yake: jiwe kiasi hiki, saa za kuchonga kiasi hiki, msasa na nta kiasi hiki. Hali ni hiyohiyo kwa seremala anayetengenezewa oda ya kitanda leo na jeneza kesho. Mfumo wa pili ni ule wa mchakato. Katika kiwanda cha chai huwezi kuliandikia kila jani karatasi yake. Majani humiminwa kwa maelfu ya kilo, yakanyaushwa, yakakatwakatwa, yakaachwa yageuke rangi, yakakaushwa, kisha yakachekechwa kwa madaraja. Hapo hujumlishwa gharama ya kila hatua, nayo ikagawanywa kwa kilo zilizopita. Kwa kuwa majani mabichi yapatayo kilo nne na nusu hutoa kilo moja tu ya chai kavu, anayesahau upungufu huo wa uzito hukosea hesabu yote.

Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Tatizo lilianza tulipofikia zile gharama zisizoweza kufungamanishwa na bidhaa moja: kodi ya jengo, mshahara wa bawabu, umeme wa taa za uani. Kiingereza huziita kwa neno linalotaja kitu kilicho juu ya kichwa. Mwenzangu mmoja, ambaye pia alisoma Kiswahili, alijaribu kulitafsiri sisisi, akasema "gharama za juu ya kichwa", ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nao. Hata hivyo, sikuwa na neno bora, na nilitoka katika ukumbi huo nikijua kuzigawa gharama hizo kwa fomula bila kujua kuzitaja kwa lugha ninayoota nayo. Ninaamini kwamba mtu asiyeweza kulieleza jambo kwa mamake hajalielewa bado.

Likizo ilipowadia nilirejea nyumbani. Masimba ni soko lililo katika nyanda za juu za Masaba Kusini, nchi ya udongo mwekundu, mvua nyingi na mashamba yaliyogawanywa na kugawanywa tena kati ya wana hadi yakawa kama leso. Palipo na nafasi pana mgomba, na palipobaki pana chai. Wazazi wangu wana nusu ekari ya chai, mashina yapatayo 2,000. Kama wakulima wengine wadogo, wao huuza majani kupitia KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 likiwa chombo cha serikali, na likageuzwa kuwa kampuni ya wakulima kupitia viwanda vyao mwaka 2000. Mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwishoni mwa mwezi, kisha husubiri bonasi baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi wa Juni. Kila mtu kwetu anajua kwamba bonasi za viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa zimekuwa zikipungukia zile za mashariki, na kila mwaka manung'uniko ni yale yale.

Jambo moja linahitaji maelezo hapa, hasa kwa msomaji asiyekijua Ekegusii. Kwa lugha yetu, mama huitwa "baba", naye baba huitwa "tata". Nilipoanza shule nilichapwa kwa kusema kuwa baba yangu ananyonyesha. Sasa, namba ya mkulima ya shamba letu imeandikwa kwa jina la mzee wetu, kama ilivyo katika boma nyingi. Katika sajili, chai ni ya baba. Anayeichuma tangu nikiwa mgongoni, hata hivyo, ni yule tunayemwita baba kwa Ekegusii. Sajili ilisema kweli, ila kwa lugha isiyokusudiwa.

Jioni moja nilimwomba mzee risiti zake za mwaka mzima, nikachukua daftari, nikaketi karibu na taa. Nilitaka kuonyesha kwamba karo yangu haikupotea bure. Kwa mwaka tulikuwa tumeuza kilo 2,400. Malipo ya mwezi yakijumlishwa na bonasi yalifika shilingi 30 kwa kilo, yaani shilingi 72,000. Kisha nikaanza kuandika gharama kwa kila kilo. Mbolea iliyokatwa katika malipo, pamoja na vikapu na vibarua wa kupogoa, ilikuwa shilingi saba. Kuchuma nilikukadiria kwa ujira ambao jirani zetu huwalipa vibarua, shilingi kumi. Palizi ya mama nikaiwekea shilingi mbili. Ardhi nikaihesabia kodi ambayo tungepata kama tungeikodisha, shilingi nne.

Nikamuuliza mama kuhusu kupeleka majani. Akaniambia kuwa kituo cha kununulia hufunguliwa siku tatu kwa juma, na kwamba kwa mwaka yeye hufika huko mara kama 160, na kikapu chake hubeba kilo kumi na tano hivi. Kutembea huchukua saa moja, kwenda na kurudi. Kungoja lori huchukua saa mbili, na siku nyingine zaidi. Nikazidisha: safari 160 kwa saa tatu ni saa 480. Kila saa nikaipa shilingi 40. Ikawa shilingi 19,200, yaani shilingi nane kwa kilo.

Saba, kumi, mbili, nne na nane: jumla shilingi 31. Tulikuwa tukiuza kwa 30 kitu kinachotugharimu 31.

Nilimsomea mzee hesabu hiyo kwa sauti ya mtu aliyegundua wizi. Akalitazama daftari kwa muda mrefu. Mzee wetu si mtu wa kuamini maneno, lakini huamini maandishi. Mama alikuwa akichambua mboga za chinsaga. Aliuliza swali moja tu: "Hizo shilingi nane za safari, nani alinilipa?" Nilimjibu kwamba hakuna aliyemlipa, ni makadirio. Akasema, "Basi zikiondolewa katika daftari, zitaingia mfukoni mwa nani?" Nilidhani hajaelewa. Nikatabasamu, nikamweleza tena polepole. Tabasamu hilo ndilo ninalojutia kuliko tarakimu zote.

Kabla likizo haijaisha, mzee aliamuru robo ya shamba ing'olewe, mashina 500, papandwe miche ya parachichi. Ilikuwa kazi ya siku nne. Mizizi ya chai iliyozeeka haing'oki kwa hiari. Mama alichukua jembe akashiriki bila kusema neno. Mimi nilirudi chuoni nikiwa na fahari.

Habari zilinifikia muhula uliofuata. Dada yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa salio la karo, akakaa majuma mawili. Nilifungua daftari langu na kwa mara ya kwanza nikaisoma hesabu yangu kama anavyoisoma mtu anayetaka kula. Katika zile shilingi 31, zilizotoka mfukoni mwetu kwa hakika zilikuwa saba tu. Ishirini na tatu zilizobaki katika kila kilo zilikuwa zikiingia nyumbani, shilingi 55,200 kwa mwaka. Kwa kung'oa robo ya mashina nilikuwa nimekata shilingi 13,800 zilizokuwa zikilipia karo, sukari na mafuta ya taa, nami nimezibadilisha kwa miche ambayo ingehitaji miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Jasho la mama nilikuwa nimelitoza bei ya soko, lakini sikuwa nimeuliza kama kuna soko linalolinunua. Swali lake la jioni ile lilikuwa swali la mhasibu. Mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa.

Fauka ya hayo, kulikuwa na kosa la pili. Nilimpigia mama simu nikamuuliza kama angalau safari za kituoni zimepungua. Akacheka. Majani ya chai hayalali. Yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, na kila siku ya kituo kuna shina lililo tayari kuchumwa. Kwa hiyo alikuwa akienda mara zile zile 160, ila kikapu kilikuwa kimepungua uzito. Nikakokotoa upya. Saa 480 zilizokuwa zikigawanywa kwa kilo 2,400 sasa ziligawanywa kwa kilo 1,800, na ile shilingi nane ikapanda ikapita kumi na nusu. Nilikuwa nimeipandisha gharama niliyodai kuipunguza.

Nilirudi katika vitabu nikiwa na njaa ambayo mtihani haujawahi kunitia. Nilikuta kwamba kosa langu lina umri mrefu. Mwaka 1772, biashara ilipodorora Uingereza, mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood alizichunguza gharama za vyombo vyake, akatambua kwamba baadhi yake huendelea vile vile, viundwe vyombo vingi au vichache. Mwaka 1923, mwanauchumi wa Marekani John Maurice Clark alifafanua kwamba hakuna gharama moja inayofaa kwa kila jambo: gharama ya kuamua bei si lazima iwe gharama ya kuamua kuacha. Katika miaka ya 1980, Robin Cooper na Robert Kaplan walieneza njia ya kuzifuata gharama kupitia shughuli zinazozisababisha. Wao wangeniambia kwamba safari ya mama ni gharama ya safari, si gharama ya kilo. Kilo zikipungua na safari zikabaki, gharama haiendi popote. Mambo hayo yote yalikuwa katika vitabu vyetu vya mwaka wa pili. Niliyakariri nikapata alama nzuri. Sikuyatambua yalipoketi mbele yangu yakichambua chinsaga.

Nilikuta pia jambo lililonistaajabisha kuhusu kiwanda chenyewe. Majani yale yale, yakishakaushwa, huchekechwa yakawa madaraja mbalimbali, na kila daraja huuzwa kwa bei yake katika mnada wa Mombasa. Je, kilo ya daraja la juu iligharimu kiasi gani, na ile ya vumbi iligharimu kiasi gani? Hakuna mizani inayoweza kujibu, kwa kuwa yote yalipita katika mashine moja kwa moto mmoja wa kuni. Wahasibu hukubaliana tu kuigawa gharama kwa uzito au kwa thamani ya mauzo. Nilielewa hapo kwamba gharama haiokotwi kama jiwe njiani. Sehemu yake hupimwa, na sehemu yake hugawanywa na mtu mwenye kalamu. Basi anayeshika kalamu anapaswa kujua anamwandika nani na anamwacha nani, na hesabu hiyo itatumiwa kuamua nini.

Likizo iliyofuata nilimwomba mama radhi. Kwetu kijana hamwombi mzazi radhi kwa hotuba. Nilimbebea kikapu hadi kituoni. Njiani nilimweleza kosa langu kwa Ekegusii na Kiswahili, bila neno la Kiingereza, na nikaona ugumu wake. Nilipofika kwenye zile gharama zisizo za bidhaa yoyote nilikwama. Nikampa mifano: taa ya jikoni, ua, mlinzi wa usiku, njia ya kuingilia. Akasema mara moja, "Hizo ni za boma." Nikasimama. Gharama za boma! Kila mke katika mji huchangia, kila mwana hufaidi, na ugomvi wa nani achangie kiasi gani ni wa kale kama boma lenyewe. Fomula zote za kugawa gharama hizo si chochote ila ni majaribio ya kuumaliza ugomvi huo kwa haki.

Tulipofika kituoni tuliwakuta wanawake wapatao ishirini wameketi nyasini wakingoja lori. Nilimwambia mama kwamba, kati ya saa zake 480, kungoja peke yake kulikula saa 320. Alinyamaza kwa muda. Kisha akageuka kwa jirani zake watatu akaanza kuzungumza nao. Abagusii tuna desturi ya kale ya egesangio, kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Mama aliuliza: ikiwa tunaweza kulimiana kwa zamu, kwa nini tusingojeane kwa zamu? Wanne hao walikubaliana kwamba kila mmoja atabeba kikapu chake hadi kituoni, lakini mmoja tu ndiye atakayebaki kusimamia upimaji wa wote. Kila mmoja sasa hungoja siku moja kati ya nne. Kwa mama, saa 240 zilirudi kwa mwaka, nusu kamili ya saa za safari. Katika saa hizo amepanda mboga anazouza sokoni Masimba, na sasa jasho lile lina soko.

Hilo ndilo jibu la swali lake la jioni ile. Daftari langu halikuwa na kosa la kuhesabu. Shilingi nane zilikuwa kweli. Kosa lilikuwa kuzitumia kuuhukumu mmea badala ya kuzitumia kuonyesha mzigo uliko.

Wanakiswahili wenzangu, tumezoea kuambiwa kwamba lugha yetu inafaa kwa mashairi na salamu, ila si kwa uhasibu. Hebu tuyatazame maneno tuliyo nayo. Hesabu, faida, hasara, thamani na gharama yalitufikia kutoka Kiarabu kwa njia ya biashara ya pwani; gharama katika asili yake ina maana ya faini au hasara inayolipwa. Mshahara unatokana na neno la mwezi. Kibarua ni barua ndogo, kile cheti ambacho mfanyakazi wa siku alipewa ili kazi yake itambulike. Lugha hii ilikuwa ikiandika madaftari ya wafanyabiashara kabla vyuo vyetu havijajengwa. Na neno hilo la mwisho limenifunza kuliko muhula mzima: kibarua aliyemchumia jirani yetu chai alikuwa na karatasi ya kuthibitisha jasho lake, lakini mama, aliyechuma miaka ishirini, hakuwa nayo. Ndiyo maana nilipolihesabu jasho lake kwa mara ya kwanza, nililihesabu vibaya.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwanza, sisi tunaosoma Kiswahili pamoja na taaluma nyingine tusingoje istilahi zishushwe kutoka ofisini. Tuzitafute kwa watu wanaozifanya kazi zenyewe, kwani huenda neno tunalolitafuta limekaa jikoni miaka mingi. Pili, tunapofundisha kukokotoa gharama, tuanze na kikapu ambacho mwanafunzi amekibeba, ndipo twende kwenye kiwanda.

Miche ya parachichi imeshika, na miwili imekufa. Mashina 1,500 ya chai yaliyobaki hayajaguswa, na dada yangu amerudi shuleni. Mama ana daftari lake siku hizi. Lina safu nne: tarehe, kilo, pesa, na ya nne ameiandika yeye mwenyewe kwa herufi kubwa, KUNGOJA. Kila jioni huijaza kabla ya kulala, hata siku ambazo ni sufuri.